Dafu Halina Chumvi

Jumatatu, 16 Juni

Ukurasa wa mikoko nimeuandika mara ya nne. Mwanajuma ameukataa tena. Alikuwa kibarazani anachambua mchele, mimi nasoma kwa sauti, na nilipofika kwenye "mfumo ikolojia" aliinua mkono kama askari wa barabarani.

"Rudia, Mwalimu. Hapo umesema na wenzako."

Ndiyo kazi yetu tangu nistaafu. Naandika kitabu cha baiolojia kwa Kiswahili, kwa ajili ya mtoto aliyeishia darasa la saba na mzazi wake. Kianze na mazingira, kishuke mpaka kwenye seli, kisha kipande tena kwenye mifumo ya mwili. Kila ukurasa namsomea mke wangu. Yeye aliishia darasa la nne, huko kwao Moa. Akielewa, ukurasa unabaki. Asipoelewa, nauchana. Sheria ni yake, na ni sheria nzuri.

Nimeandika upya. Mkoko huizuia chumvi kwenye mizizi. Mchu, ndugu yake wa pale pale pwani, huiacha ipande, kisha huitoa juu ya jani kama jasho. Ukililamba jani la mchu utaionja.

"Hilo nalijua," akasema. "Tulikuwa tukiyalamba utotoni. Ulikuwa na haja gani ya kulizungusha?"

Umepita.

Miguu yake imevimba tena. Nimebonyeza kwa dole gumba juu ya kifundo. Shimo limebaki.

Jumanne, 17 Juni

Kliniki. Daktari ni kijana mwenye adabu, aliinuka kuniamkia. Shikamoo yake haikupunguza uzito wa habari. Figo zimechoka. Ni presha ya miaka mingi. Hatujafika kwenye mashine ya kusafisha damu, lakini tukizembea njia ni hiyo. Chumvi iachwe kabisa. Vidonge hivi asubuhi, hivi jioni. Alhamisi turudi kwa mtaalamu wa lishe, atueleze chakula kimoja kimoja.

Jioni nilipika tasi bila chumvi. Mwanajuma akatafuna, akasita, akamtazama samaki.

"Kalala baharini umri wake wote, halafu hana chumvi. Huyu katudanganya."

Nilicheka. Kisha nikaingia jikoni nikalia kidogo, nikatoka na maji ya kunawa. Hakuniuliza. Tunaheshimiana hivyo.

Alhamisi, 19 Juni

Hatukwenda. Aliamka amechoka, akasema zile ngazi zitamuua kabla ya figo. Sikumlazimisha.

Nami nilijiambia: mtaalamu wa lishe atanieleza nini nisichokijua? Nimefundisha figo miaka yote ya kazi yangu. Naweza kuzichora ubaoni nimefumba macho, mshipa unaoingia, mshipa unaotoka, mrija unaoshuka kibofuni. Nitampangia chakula mwenyewe.

Kopo la chumvi nimempa jirani. Nimeosha hata kijiko chake. Nimejiona mtu mwenye akili.

Jumamosi, 21 Juni

Shemeji Mwanakombo amekuja. Ni dada mkubwa wa Mwanajuma, yeye hakuwahi kuhama Moa. Bodaboda hadi barabara kuu, basi hadi mjini, na sauti yake ilifika hapa mtaani kwetu Nguvumali kabla yake.

"Mtu wa kuja! Pokea kiroba hiki. Au huko mkongeni hamkufundishwa kupokea mizigo?"

Ananiita mtu wa kuja tangu siku ya posa. Ni utani wa shemeji. Ni kweli pia. Mama alinivusha mto Ruvuma mgongoni, baba akiwa ameshatangulia kukata mkonge. Nimekulia kambini. Kambi ilibomolewa, na makaburi yake yakalimwa, la baba likiwemo. Nilikwenda mara moja kulitafuta nikakuta mistari ya mkonge mchanga, imenyooka vizuri. Tulikotoka sikukumbuki. Tulipofika hapapo tena. Nikasilimu, nikamwoa Mwanajuma. Tangu hapo kwetu ni alipo yeye.

Kirobani mlikuwa na madafu.

"Dafu linasafisha figo," akasema shemeji. "Hata mtoto wa chekechea anajua."

Nilifikiri kabla ya kukubali. Nataka hilo liandikwe. Daktari alikataza chumvi. Dafu halina chumvi. Maji yake yamechujwa na mti wenyewe, hayakuguswa na mkono wa mtu. Nikalikata la kwanza mimi, shemeji akinicheka namna ninavyoshika panga. Mwanajuma akalipokea kwa mikono miwili, akanywa, akafumba macho.

Siku nyingi sikuwa nimemwona akifurahia kitu kinywani.

Jumanne, 24 Juni

Sura ya seli. Nilikuwa nikiiogopa. Vitabu vingine huifananisha seli na kiwanda, na mtoto wa Tanga siku hizi kiwanda anakijua kwa magofu yake. Nimeeleza kitu chenyewe: tone la uhai ndani ya utando mwembamba.

"Utando kama kifumbu," akasema Mwanajuma. "Unapitisha tui, unabakiza machicha."

Nikamwambia si sawasawa. Kifumbu hakina hiari. Utando wa seli unachagua. Nikamsomea: seli husukuma sodiamu nje na kuvuta potasiamu ndani, bila kupumzika, na kwa tofauti hiyo misuli hukaza na moyo hupiga.

Akainua mkono. "Majina hayo mawili yamenikwama hapa," akashika koo. "Nikimeza moja, la pili linarudi."

Nikajaribu namna nyingine. Akakataa. Nikajaribu tena. Akasinzia. Mwishowe nikayafuta yote mawili, nikaandika: "Seli huchagua kinachoingia na kinachotoka, na katika kuchagua huko ndimo uhai ulimo." Nikamwamsha nikamsomea.

"Sasa umesema," akaniambia.

Sentensi nzuri. Nimeisoma peke yangu mara kadhaa leo kwa kujipongeza.

Ijumaa, 27 Juni

Sura ya figo imepita kwa kusomwa mara moja tu. Nilieleza kwamba figo kwanza humwaga karibu kila kitu kilicho kwenye maji ya damu, kizuri na kibaya, kisha hukirudisha kizuri na kukiacha kibaya kiende.

"Kumbe haichambui kama mimi," akasema, ungo mapajani. "Mimi natoa mawe. Yenyewe inamwaga ungo mzima halafu inaokota mchele."

Ndivyo hasa. Nimeyaandika kama alivyoyasema na nimemwambia jina lake litakuwemo kitabuni. Akasema akiwekwa kitabuni awekwe na picha ya ujana.

Chakula nakipika vizuri sasa. Mchicha wa nazi, ndimu badala ya chumvi. Ndizi mzuzu za kuchemsha. Maharage. Machungwa ya Muheza yameanza kuingia, matamu. Dafu asubuhi, dafu jioni. Shemeji ametuma kiroba kingine kwa kondakta wa basi. Nampigia simu kumshukuru, ananiuliza: "Anakojoa?" Namwambia kidogo. "Basi ongeza dafu."

Nimeongeza.

Jumatatu, 30 Juni

Leo hakuweza kuinua birika. Aliliinua kidogo likamrudia mezani. Tukatazamana. Akasema, "Limekuwa zito tangu lini?"

Miguu anasema si yake, ni ya mtu mwingine, ameazimwa. Midomo inamwasha kama aliyekula pilipili, na pilipili hajala. Nadhani ni damu kupungua, wagonjwa wa figo hupungukiwa damu. Nimemzidishia mchicha.

Zuhura, binti yetu, amepiga simu kutoka Mwanza. Nimemwambia mama anaendelea vizuri, uvimbe wa miguu umepungua. Umepungua kweli. Nilitaka jambo moja la kweli la kumwambia.

Hatukusoma leo. Sura ya moyo iko tayari, inamsubiri yeye.

Alhamisi, 3 Julai

Nimempima mapigo. Kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, kama nilivyowafundisha wanafunzi, saa ya ukutani mbele yangu. Polepole mno. Nikarudia. Pigo, kimya, pigo. Kisha kimya kirefu kuliko kinavyotakiwa, mpaka nikamtazama usoni.

Alikuwa ananitazama yeye.

"Unahesabu au unaomba?" akauliza.

Nilitaka twende hospitali palepale. Akasema asubuhi, akishaoga, hataki kupelekwa kwa watu akiwa hivi. Nilibishana. Akanishika mkono kwa nguvu ndogo aliyobakiwa nayo, nikakubali.

Naogopa. Naandika ili mkono uwe na la kufanya.

Ijumaa, 4 Julai

Wamempokea. Wakambandika nyaya kifuani, karatasi ikatoka kwenye mashine, daktari yule kijana akaiangalia na adabu yote ikamtoka usoni, ikabaki haraka. Sindano. Dripu. Wakaanza kutafuta mashine ya kusafisha damu ipatikane leo leo.

Kisha akaniuliza anakula nini. Nikaeleza kwa mpangilio, ndivyo nilivyo. Hakuna chumvi, nikasema, hata chembe. Mchicha. Ndizi. Maharage. Machungwa. Kila nilipotaja kimoja alizidi kuinamisha kichwa. Nilipotaja dafu, aliweka kalamu chini.

"Kwa siku mangapi, mzee?"

Nikamwambia.

"Potasiamu," akasema. Akasema neno hilo moja tu. Alijua nilikuwa mwalimu wa nini, nilishamwambia siku ya kwanza.

Dafu limejaa potasiamu. Najua. Niliwahi kuwaambia wanafunzi waliokuwa wakikimbia mbio ndefu wanywe dafu, kwa sababu hiyohiyo. Figo nzima huitoa iliyozidi. Figo zilizochoka haziwezi. Inabaki kwenye damu, na ile tofauti ya ndani na nje ya seli inavurugika, na msuli unalegea, na moyo ni msuli. Kila kipande cha jambo hili nilikuwa nacho. Nilikuwa nacho kichwani na nikampa mke wangu dafu.

Sikuuliza mtu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa.

Jumamosi, 5 Julai

Asubuhi amekuwa na nafuu. Amewekwa kwenye mashine jana jioni, leo anazungumza. Muuguzi alimpa uji, akauliza kama una chumvi, akaambiwa hauna, akasema, "Nimeolewa na hospitali nzima sasa."

Akataka sura. Karatasi nilikuwa nimeziacha nyumbani. Nikamwambia moyo kwa mdomo. Vyumba vinne. Damu chafu huingia kulia, huenda mapafuni, hurudi kushoto, huenda mwilini. Moyo wenyewe hauli damu inayopita ndani yake, una mishipa yake ya pembeni.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Kama mpishi wa shughuli," akasema. "Sufuria lote mbele yake na yeye anawekewa sahani kando."

Kisha akauliza kwa nini daktari alinitazama vile jana. Nikasema hakuna kitu. Akasema, "Mwalimu." Alisema hivyo tu.

Nikamwambia. Yote, bila kufupisha. Potasiamu, dafu, mimi. Nilisema mimi zaidi ya mara moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja aseme lolote. Nilitaka anitukane.

"Dada asijue," akasema. "Atakufa yule. Niahidi."

Nikaahidi.

"Na lilikuwa tamu," akasema. "Usije ukaandika kwamba halikuwa tamu."

Jumapili, 6 Julai

Mwanajuma amefariki alfajiri. Moyo ulisimama, wakaushtua, haukurudi.

Jumanne, 8 Julai

Tulimzika jana Moa, baada ya kumsubiri Zuhura afike. Alifika macho yakiwa yamevimba kwa kulia na kwa safari. Mchanga wa pale ni mweupe, laini, kuta za kaburi hazisimami mpaka zimwagiwe maji. Nilishuka kaburini mimi na wajukuu wawili wa shemeji. Nilimpokea. Alikuwa mwepesi. Uvimbe wote ulikuwa umekwisha.

Watu wananipa pole na kuniuliza ilikuwaje. Nasema presha. Wanatikisa vichwa, presha wanaijua, kila nyumba ina ya kwake.

Shemeji alikuwa ndani na wanawake. Namsikia kupitia ukuta wa udongo: "Nilimpa kila alichokitaka. Kila alichokitaka nilimpa." Anarudia hayohayo. Anajifariji nayo. Nilitoka nikakaa mbali nisiyasikie.

Jumapili, 13 Julai

Nguvumali. Zuhura amefua nguo za mama yake zote, hata safi. Amezianika. Kanga zimejaa uani na upepo wa kusi unazipiga, na jirani amefunga dirisha lake. Nadhani hakuweza kuangalia.

Jana aliniuliza: "Baba, hasa nini kilimuua mama?"

Nikasema moyo ulisimama.

Ni kweli. Mwanafunzi angenijibu hivyo ningempa nusu ya alama. Ningeandika pembeni: eleza kwa nini.

Sikumweleza. Ahadi ilikuwa juu ya dada, si juu ya Zuhura. Lakini Zuhura humpigia mama mkubwa wake kila siku, wanalia pamoja. Hawezi kubeba jambo hili bila kulimwaga. Labda siku moja. Labda najidanganya na ni mimi tu nisiyetaka binti yangu anijue.

Alhamisi, 24 Julai

Zuhura amerudi Mwanza. Nyumba kimya.

Nimefungua sura ya seli. Nimekaa mbele ya ile sentensi. "Seli huchagua kinachoingia na kinachotoka, na katika kuchagua huko ndimo uhai ulimo." Bado ni nzuri. Naichukia.

Nimeikata. Nimeyarudisha majina yote mawili, sodiamu na potasiamu, mahali pake. Kwenye sura ya figo nimeongeza aya nzima: figo zikichoka, si chumvi peke yake inayokatazwa, nikataja machungwa, ndizi, maharage, mchicha, nikataja dafu kwa jina. Nimeandika kwamba mgonjwa asipangiwe chakula na jamaa anayedhani anajua.

Kisha nikaisoma kwa sauti, kama kawaida, kuelekea kiti chake kibarazani. Hakuna aliyeinua mkono. Aya ni ngumu, najua ni ngumu, ina majina yanayokwama kooni. Ningempa kila kitu nilicho nacho anikatalie.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepika tasi. Nimetia chumvi, nimeomba ya jirani. Sikuweza kumeza. Nimempa paka.

Mimi ni mkongwe. Niliwahi kudhani nimekwisha kupoteza kila kinachopotezeka: mto, lugha ya mama, kambi, kaburi la baba. Nilijiona kama mtu aliyelipa mapema. Upumbavu. Vile vyote nilinyang'anywa. Huyu nilimpa dafu kwa mkono wangu, akanishukuru.

Jumamosi, 16 Agosti

Moa. Arobaini ilisomwa jana baada ya sala ya Ijumaa. Watu wengi, wali wa kutosha. Nimelala kwa shemeji na leo asubuhi amenichukua makaburini. Ameshaweka mawe kuzunguka, ya baharini, meupe. Kando ya Mwanajuma, upande wa kusini, pana nafasi.

"Hapo pako," akasema. "Nimeshawaambia vijana. Asije mtu akasema mtu wa kuja hana pa kulala. Mtu wa kuja nani? Wewe ni wetu, umetuzika."

Nimeutafuta mchanga wangu umri mzima, na aliyenipa ni yeye.

Tuliporudi alikaa ukumbini na panga, mbele yake tenga la madafu. Alichagua manne makubwa, akayatenga.

"Haya ya Bakari, nyuma ya msikiti. Naye figo. Mkewe kaja juzi kuniuliza Mwanajuma nilikuwa nampa nini. Nikamwambia siku zile za mwanzo alikuwa na nafuu, miguu ilinywea. Si ilinywea, Mwalimu? Wewe mwenyewe uliniambia."

Ilinywea. Nilimwambia mimi.

Nilimsikia Mwanajuma akisema dada asijue. Nikamwona Bakari, ambaye jana alikula kidogo kwenye hitima na kunishika mkono kwa mkono uliovimba. Maisha yangu yote sikuwahi kuandika ubaoni jambo lisilo kweli. Wanafunzi walinicheka kwa hilo.

"Shemeji," nikasema, "Bakari asipewe dafu. Machungwa pia, na ndizi. Aende kwa mtaalamu wa lishe, nitampeleka mimi. Kuna dawa mpya za figo wanatoa siku hizi. Hazipatani na dafu kabisa. Zinaleta madhara kwenye moyo."

Panga likasimama.

"Mpya tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita. Mwisho wa mwezi."

"Na Mwanajuma? Alikuwa akimeza hizo?"

"La," nikasema. "Zake zilikuwa za zamani. Za zamani hazina neno."

Alinitazama. Ana macho ya mdogo wake, hilo sikuwahi kuliandika popote. Alinitazama kwa muda mrefu, na mimi sikuyaondoa yangu. Kisha akayaokota madafu ya Bakari, moja moja, akayarudisha kwenye tenga.

Akabakiza moja. Akalikata kwa mapigo matatu safi, akanipa kwa mikono miwili.

"Basi kunywa wewe. Wewe figo zako nzima."

Nilinywa lote. Alisimama mbele yangu mpaka nikamaliza. Kisha akalipasua, akachonga kijiko cha ganda lake, akanipa nikombe nyama.

Lilikuwa tamu.